Mnong'ono Kwenye Mdomo wa Duara

Regina alikuwa ametwanga mawe ya duara la shemeji yake kwa miaka kadhaa, lakini hakuwahi kuliona duara lenyewe, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Mawe yalimfikia kwenye viroba, na kabla ya kuyatia kwenye kinu cha chuma alipenda kuyashika kwanza, kwa sababu aliona ajabu kushika kitu ambacho hakijawahi kuguswa na jua. Alijiuliza huko yalikotoka kukoje. Kuna upepo? Kuna harufu gani? Mwanawe Machage, aliyeshuka humo kila siku, alipoulizwa alijibu kwamba kuna giza na kuna joto, kisha akaomba uji.

Pale Ritare, kilima cha machimbo upande wa Nyansurura, wanawake hawakusogelea maduara. Mstari wa mikonge ulikuwa umepandwa kuzunguka kilele. Chini ya mikonge wanawake walitwanga, walichekecha na kuosha. Juu yake wanaume walichimba. Ilisemekana kwamba mwanamke akiuvuka mstari ule dhahabu inazama, inakwenda mahali ambapo hakuna kamba ya kufika. Hata waliobatizwa waliiheshimu mikonge, na Mwinjilisti Daudi, aliyehubiri juu ya kila kitu, juu ya mikonge hakusema lolote. Regina naye aliiheshimu. Hakutaka ugomvi na shemeji yake Heche, mwenye duara, ambaye ndiye aliyemleta pale baada ya kumzika mumewe, akampa kazi yeye na mwanawe.

Kitu chake kimoja tu kilivuka mikonge bila kuulizwa na mtu, nacho kilikuwa sauti.

Siku zile watu walipokuwa wakimiminika Ritare kutoka Tarime, kutoka Mugumu na hata kutoka Migori ng'ambo ya mpaka, Regina alisimama kila jioni mbele ya kanisa la maturubai akaomba, na wanaume waliokuwa bado wanavuta kamba juu kilimani waliitikia amina bila kuacha kuvuta. Walimwita Mama Redio. Aliyeumwa, aliyeibiwa baiskeli, aliyegombana na mkewe, wote walikuja kuombewa, kwa maana walisema mama yule akiomba hata malaika aliyelala ataamka. Regina aliwakemea kwa maneno hayo, ila aliwakemea kidogo. Ukweli ni kwamba aliyapenda.

Kisha vumbi la mawe likamwingia. Alikohoa msimu mzima wa mvua, na kikohozi kilipoondoka kiliondoka na sauti. Uliobaki ulikuwa mnong'ono, kama majani makavu ya mahindi yanavyosuguana shambani. Daktari kule Mugumu alimmulika kooni, akamwambia afunge kitambaa puani akiwa kazini na asitarajie sana kwamba sauti itarudi. Vijana wa kilimani hawakukawia. Redio imeisha betri, walisema akipita. Mwingine akasema betri si tatizo, redio yenyewe ilikuwa ya mtumba.

Regina alifunga na kuomba. Aliomba kwa mnongʼono apewe tena sauti ya kuombea, na akaona kwamba ombi lenyewe lilikuwa la kuchekesha, kama mtu anayekopa kuni ili akapike kuni. Sauti haikurudi. Ndipo akamwendea Mwinjilisti Daudi, na Daudi akamsimulia habari za yule mtume aliyekuwa na mwiba mwilini, akamsihi Bwana amwondolee, na jibu lililokuja halikuwa la kuuondoa mwiba. Jibu lilikuwa kwamba neema inamtosha.

“Inatosha kufanya nini?” Regina aliuliza.

Mwinjilisti akainama ili asikie, kisha akasema inatosha tu, ndivyo ilivyoandikwa.

“Unga unatosha watu fulani,” Regina alisema. “Kitambaa kinatosha gauni fulani. Hii inatosha nini, Mwinjilisti?”

Daudi alikuna kidevu. Alikuwa mtu mkweli. Alisema hajui, na kwamba siku Mama Machage atakapojua, yeye angependa kuambiwa.

Tangu hapo Regina alilichukua swali hilo kila mahali kama mtu anavyobeba mtoto mgongoni, kazi zikiendelea. Alilitwanga pamoja na mawe. Hakuwa na hasira na Mungu. Alikuwa tu anataka kujua. Na kwa kuwa hakuweza tena kusema sana, aligundua kwamba anasikia mambo ambayo zamani yalikuwa yakimpita. Alisikia tofauti ya jiwe lenye kitu na jiwe tupu linapovunjika. Alisikia watu wakimeza mate kabla ya kudanganya.

Alitwanga akiwa amekaa na Dorka, mke wa Opondo, Mjaluo mwenye duara la jirani. Zamani hawakuwa marafiki. Wote wawili walikuwa wasemaji, na kila mmoja alimwona mwenzake ana kelele. Sasa Regina alipotaka kusema jambo, ilimbidi Dorka asimamishe mchi, ainame, asikilize mpaka mwisho.

“Tangu niolewe sijanyamaza namna hii,” Dorka alimwambia siku moja. “Opondo akijua dawa yangu ni hii, atakuja kukuomba umfundishe.”

Kwa njia hiyo walijuana. Dorka alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyebaki, Olima, naye alichimba katika duara la baba yake. Machage na Olima walifahamiana kwa sura tu. Walikuwa vijana wa pande mbili za kilima, na pande hizo hazikupendana.

Sababu ilikuwa mkanda, yaani ule mstari wa mwamba wenye dhahabu ambao wachimbaji huufuata chini ya ardhi. Heche aliufuata kutoka duara lake kuelekea mashariki, na Opondo aliufuata kutoka lake kuelekea magharibi, na kila mtu mwenye akili aliona kwamba ipo siku watakutana. Wachimbaji huita jambo hilo mtobozano. Pale Ritare desturi ilikuwa kwamba atakayetoboa ukuta kwanza ndiye mwenye haki ya mkanda mahali pale. Kwa hiyo pande zote zilichimba kwa haraka kuliko ilivyofaa, wakiacha kusimamisha miti ya kushikilia paa, na kila upande uliweka sikio ukutani kusikiliza nyundo za wenzao. Kule kwa jirani, katika machimbo mengine, mtobozano ulikuwa umemaliza watu kwa mapanga gizani. Habari hizo zilijulikana na kila mtu, na hakuna aliyezisema kwa sauti.

Regina alizisema kwa Mungu. Hakumwomba dhahabu. Alimwomba Machage apande kutoka humo akiwa hajauawa na akiwa hajaua. Aliliona jambo la pili kuwa gumu kuliko la kwanza, kwa maana Machage alikuwa mpole nyumbani, lakini Heche alimwambia mara kwa mara kwamba mura, kijana wa Kikurya aliyepita jandoni, hajifichi nyuma ya ukuta.

Jioni moja, mwanawe akila, Regina alimuuliza wanaume huitanaje huko chini ambako hawaonani. Machage alishangaa kuulizwa, kisha akafurahia kueleza. Akiwa karibu na kamba, mtu huitikisa. Akiwa mbali na kamba, hugonga mwamba. Tindo likigongwa hulia juu, haraka haraka, na hiyo ni kazi. Lakini mtu akibanwa huacha tindo, huugonga mwamba kwa ubavu wa nyundo tupu, polepole, na mlio wake ni mzito, unatembea mbali.

“Na wa juu wanausikia?” Regina aliuliza.

“Wakinyamaza,” Machage alijibu, akachovya ugali.

Siku yenyewe ilikuja mchana, jua likiwa kali. Regina na Dorka walikuwa kwenye vinu vyao waliposikia kelele juu kilimani. Kwanza walidhani mtu amepata. Kelele za kupata huwa na kicheko ndani yake. Hizi hazikuwa nacho. Wanaume walikuwa wakikimbia kutoka kwenye maturubai, wengine na sururu, wengine na mapanga. Mchimbaji mmoja wa Heche alishuka mbio kuchukua panga lake, na akiwa anapita aliwaambia kwamba Wajaluo wanatoboa, mlio wa nyundo zao unasikika hadi mdomo wa duara, na watu wanashuka kuwazuia. Alipomwona Dorka alinyamaza, akaendelea kukimbia.

Dorka alisimama. Kutoka upande wa Opondo walisikia maneno yaleyale yakisemwa kwa Kijaluo, kwamba Wakurya wanatoboa.

“Wote wanatoboa?” Regina aliuliza. Lilimjia kama swali la kawaida, kama mengine yote. Ikiwa kila upande unasikia nyundo ya mwenzake, nani anapiga?

Dorka hakumsikia. Alikuwa amekwenda hadi kwenye mikonge akaanza kupiga kelele, akimwita mumewe, akimwita Olima, nyathina, mwanangu, panda juu. Sauti yake ilikuwa kubwa na nzuri, lakini juu kule kila mtu alikuwa na sauti kubwa, nayo ilipotea humo kama maji yanavyopotea mchangani.

Regina alifika kwenye mikonge naye akafungua kinywa. Alijua hakuna kitakachotoka, hata hivyo alijaribu, kama mtu anavyokanyaga kwa mguu uliokatwa. Hewa ikatoka tupu. Zamani angesimama palepale, chini ya mstari, asivunje desturi ya mtu, na jina la Machage lingefika mpaka chini ya duara. Alikuwa na haki ya kulia wakati huo na nusura alie. Badala yake alisema, “Bwana, kama inatosha, itoshe leo,” akapita katikati ya mikonge, miiba ikamchana mkono.

Alishangaa jinsi ilivyokuwa karibu. Miaka yote ile alidhani maduara yako mbali. Yalikuwa mashimo mawili, kila moja pana kama mlango, na rundo la kifusi katikati. Upande huu Heche alikuwa amejifunga kamba kiunoni na panga ubavuni. Upande ule Opondo alikuwa amekwisha kutia mguu kwenye kamba yake. Wanaume walitukanana juu ya rundo. Hakuna aliyemwona Regina mpaka alipopanda juu ya kifusi na kusimama.

Ndipo walipopatana kwa mara ya kwanza tangu mkanda ulipoonekana. Wakurya na Wajaluo wakamwambia wote pamoja atoke. Mtu mmoja alimwuliza kama amerogwa. Mwingine akasema kwa uchungu wa kweli kwamba sasa wagombee nini, dhahabu imekwisha kuzama. Regina hakushuka. Akakaa palepale kwenye mawe, akaanza kusema.

Heche aliona midomo yake ikienda. Alipiga kelele kumwuliza anasema nini. Midomo iliendelea. Akasogea, kamba ikiburuzika nyuma yake.

“Shemeji, sikusikii.”

Akainama. Opondo, alipomwona Heche ameinama na sikio lake karibu na mdomo wa mwanamke yule, hakuweza kuvumilia. Alitoa mguu kwenye kamba, akaja kifusini, akataka kujua ni siri gani inasemwa hapo juu ya duara lake. Naye ikambidi ainame. Waliokuwa nyuma wakaulizana amesema nini. Walioulizwa wakasema hawajui, nyamazeni tusikie. Nyamazeni ile ilipita kutoka mtu hadi mtu, kwa Kikurya, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kila mmoja akimnyamazisha jirani yake kwa kuwa alitaka kujua, mpaka hata Dorka kule kwenye mikonge akanyamaza. Kilima chote kikawa kimya.

“Sina neno la kuwaambia,” Regina alinongʼona. “Nimekuja kuomba. Bwana, mimi sina sauti, na hawa sauti wanazo nyingi. Vijana wako chini. Wewe unawasikia. Utusikilizishe na sisi.”

Akanyamaza naye.

Mlio ukapanda kutoka chini. Ulikuja kwa wakati mmoja katika midomo ya maduara yote mawili, mzito, wa polepole. Ukakaa kidogo. Ukaja tena.

Opondo ndiye aliyenyooka kwanza, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Hilo si tindo,” alisema.

“Ni nyundo tupu,” Heche alisema. “Mtu amebanwa.”

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na mtu wake huko. Kisha Heche alifungua panga ubavuni akalitupa juu ya kifusi, karibu na miguu ya Regina, kwa sababu panga hukwama kwenye wembamba wa njia, na Opondo akawaambia watu wake walete miti na kamba zote, na mtu wa Heche apite kwa Opondo kwa kuwa njia ile ni fupi. Walishuka. Waliobaki juu walishika kamba bila kuchagua ni ya nani. Regina alibaki amekaa, kwa maana hakuna aliyekumbuka kumfukuza, na baada ya kitambo Dorka alivuka mikonge akaja kukaa naye.

Waliusikiliza mlio wa nyundo. Uliposimama, Dorka alimshika Regina mkono hadi mifupa ikauma.

Olima alitolewa kwanza, amefungwa kwenye ubao, mguu mmoja umevunjika chini ya goti, lakini anatukana, na Dorka aliposikia matusi yale alimshukuru Mungu kwa kila moja. Machage alitoka baada yake akitembea mwenyewe, mgongo umechubuka kama uliopigwa randa.

Walipokuwa wakisubiri gari la kumpeleka Olima hospitali ya Mugumu, Machage alieleza. Wenzao walikuwa wamepanda na viroba. Yeye alikuwa peke yake upande wake, na Olima peke yake upande wa pili, wakichimba bila kujua kwamba ukuta uliobaki ni mwembamba. Ukaanguka wenyewe. Hakuna aliyetoboa kwanza. Ilitokea tundu, na nyuma ya tundu akaona tochi na uso, na kabla hawajaamua kama wao ni maadui, jiwe la paa likashuka likamkalia Olima mguuni, nalo lilikuwa bado linataka kushuka. Machage alijipenyeza tunduni akaliinua kwa mgongo. Hakuweza kuliondoa. Hakuweza pia kuondoka, kwa sababu akiondoka tu, linamaliza mguu na mtu mwenyewe. Aliita mpaka koo likakauka. Kisha Olima akampa nyundo yake mkononi, naye Machage akaanza kugonga.

“Tuliwasikia huko juu,” alimwambia mama yake. “Kama mvua ya mawe juu ya bati. Olima akaniambia, omera, rafiki yangu, hawa wanakuja kuuana na sisi ndio watakaotukuta. Halafu ikakatika. Ghafla. Tukadhani mmekufa wote.”

“Ukimya wenyewe ulikuwaje huko chini?” Regina aliuliza.

Machage alimtazama. Alikuwa amechoka, mgongo unamwaka moto, na mama yake anauliza habari za ukimya. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema ulikuwa kama mtu amefungua mlango.

Kuhusu mkanda, wazee wa pande mbili walikaa siku kadhaa. Kwa kuwa hakuna aliyetoboa kwanza, desturi haikuwa na jibu, ikabidi watu watafute jibu wenyewe. Walikubaliana kwanza kusimamisha miti pale tunduni, miti ya pande zote mbili, kabla ya mtu yeyote kugusa mwamba. Walibishana sana juu ya mengine, na mengine wanabishana hadi leo. Dhahabu haikuzama wala haikuongezeka. Ilitoka kidogo kidogo kama ilivyokuwa ikitoka, na hilo lilimfadhaisha Heche zaidi kuliko kama ingezama, kwani hakujua tena mikonge ile ilikuwa inazuia nini.

Sauti ya Regina haikurudi. Jioni, mbele ya kanisa la maturubai, alipoinuka kuomba, watu hawakuitikia tena kutoka kilimani. Iliwabidi washuke wakae karibu, na waliposhuka, Mkurya alijikuta amekaa bega kwa bega na Mjaluo kwa sababu nafasi ya kusikia ilikuwa ndogo. Kijana yule wa redio ya mtumba alikaa mbele kuliko wote. Alisema redio ya namna hii lazima uiwekee sikio.

Wiki moja baadaye Heche alikuja kinuni. Alikohoa, akatazama pembeni. Alisema kwamba kwa kuwa shemeji amekwisha kuvuka, na hakuna lililoharibika, kama bado anataka kuona huko mawe yanakotoka basi aje, wala asikae akimuuliza Machage kila siku.

Regina alifunga kitambaa chake upya, akaenda naye. Safari hii alipita mahali ambapo mkonge mmoja ulikuwa umekwisha kung'olewa. Alipiga magoti kwenye mdomo wa duara, Heche akimshika nguo kwa nyuma, akachungulia. Kweli kulikuwa na giza, na hewa ya joto ilimpanda usoni, ikiwa na harufu ya udongo na jasho na moshi wa baruti ya zamani. Alitazama mpaka macho yakazoea, na bado hakuona mwisho.

Alitaka kujua jambo moja zaidi, kama yeye anasikika huko chini. Aliinama karibu, na kwa ule mnong'ono wake, ambao Heche aliyekuwa amemshika hakuusikia, akasema, “Bwana, asante.”

Kisha kutoka chini kabisa, mahali asipopaona, sauti ya mchimbaji ikapanda, ya wazi kama ya mtu aliye chumba cha pili.

“Nani anaomba huko?”

Regina aligeuka akamwambia Heche amwite Mwinjilisti Daudi, kwa kuwa sasa anaweza kumwambia neema ile inatosha nini.